Kabla ya Kununua Fungu la Sarafu: Somo kwa Mlaji

Neno "hela", linalotamkwa kila siku katika masoko yetu, ni jina la sarafu. Mwaka 1904 utawala wa Kijerumani uliigawa rupia moja katika heller 100, na jina la sarafu hiyo ndogo likabaki vinywani mwa watu hata baada ya Wajerumani kuondoka. Katika Wilaya ya Same kumbukumbu hiyo haimo katika maneno peke yake. Reli kutoka Tanga ilipita hapa kabla ya kufika Moshi mwaka 1911, na pamoja nayo ulikuja ujira wa fedha taslimu. Kwa hiyo si ajabu, kuanzia Same mjini hadi Mbaga na Gonja milimani, kukuta familia iliyohifadhi sarafu za Kijerumani au senti zenye tundu ndani ya kopo la zamani.

Kukusanya sarafu ni burudani halali, na humfunza mtu historia. Somo hili linahusu hatari moja iliyomo ndani yake, nayo ni kununua sarafu zilizofungwa, ambazo mnunuzi hajaziona.

Njia mbili zisizofanana

Wakusanyaji wengi duniani hubadilisha noti benki, wakapewa sarafu zilizopangwa na kufungwa kwa karatasi. Huzichambua moja moja, huchukua zile wanazozitaka, na zilizobaki huzitumia au huzirudisha. Nchini Marekani njia hii ina sababu ya wazi: sarafu za senti 10 na senti 25 zilizotolewa hadi mwaka 1964 zilikuwa na asilimia 90 ya madini ya fedha, na baadhi bado huonekana katika mzunguko. Anayetafuta kwa njia hii hapotezi kitu isipokuwa muda, kwa kuwa shilingi aliyoitoa ameipata shilingi.

Njia ya pili ni kununua fungu kutoka kwa mtu binafsi kwa bei inayozidi thamani ya sarafu zenyewe, kwa ahadi kwamba "halijafunguliwa" na kwamba ndani yake huenda mna rupia. Hapa mlaji hanunui sarafu. Ananunua matumaini.

Rupia haitoki benki

Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake mwaka 1966 na kuanza kutoa shilingi ya Tanzania. Sarafu za matumizi ya kila siku tunazopewa leo ni za shilingi 50, 100, 200 na 500, na hazina madini ya fedha. Hivyo fungu la sarafu lililotoka benki leo haliwezi kuwa na rupia ya Kijerumani. Ukiiona rupia imejitokeza mwishoni mwa fungu, fahamu kwamba kuna mtu aliyeiweka hapo kwa mkono wake. Na aliyeweza kuiweka amekwisha kuona kilichomo katikati.

Hesabu ifanywe mapema

Tuchukue mfano. Muuzaji anakuonyesha fungu la sarafu 20 za zamani, na kila upande rupia inang'aa. Anataka shilingi 200,000. Unagawanya kwa 20 na kuona kila sarafu ni shilingi 10,000, bei inavutia. Ukifungua unakuta kwamba sarafu 18 za ndani ni senti kumi zenye tundu za enzi ya Mwingereza. Senti hizo zilitengenezwa kwa wingi na upana wake unakaribia ule wa rupia, hivyo karatasi ilizificha vizuri. Kumbe rupia mbili zimekugharimu shilingi 100,000 kila moja, tena hukuzipima.

Zitambue sarafu zenyewe

Rupia ya Kijerumani ina uzito wa takriban gramu 11.66, na karibu asilimia 92 ya uzito huo ni madini ya fedha. Heller nyingi ni za shaba, kwa hiyo thamani ya madini yake ni ndogo. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye picha ya simba, iliyotolewa kati ya mwaka 1921 na 1946, ina uzito wa gramu 7.78 hivi, robo tu ndiyo fedha. Dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, haikuzidi sana vipande 16,000, na nakala zake za bandia ni nyingi.

Hakuna hata moja kati ya hizi yenye "madini ya siri". Jihadhari hasa na mtego wa watu wawili: wa kwanza anapita kijijini akitafuta rupia na kuahidi mamilioni kutoka kwa tajiri wa ng'ambo, siku chache baadaye wa pili anakuja akiwa nazo za kuuza. Unanunua kwa wa pili, na simu ya wa kwanza haipatikani tena.

Hatua za kufuata

1. Usinunue fungu ambalo muuzaji hakubali lifunguliwe mbele yako.
2. Pima sarafu kwa mizani ya sonara, na uikaribishe na sumaku. Fedha na shaba hazinaswi. Hata hivyo, sarafu isiyonaswa si lazima iwe halisi.
3. Ukiwa muuzaji wa sarafu za wazee wako, usizisugue kwa majivu, mchanga wala ndimu. Wakusanyaji huzishusha bei sarafu zilizosuguliwa.
4. Tafuta bei kwa watu wasiopungua wawili wasiofahamiana.
5. Dai risiti inayotaja aina ya sarafu, mwaka na idadi.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, kifungu cha 15, inakataza mtu aliye katika biashara kutenda jambo la kupotosha au kudanganya. Ukipotoshwa, hifadhi karatasi ya fungu, risiti na ujumbe wa simu, kisha ufikishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Palipo na utapeli, toa taarifa polisi bila kuchelewa.

Maswali ya kujipima

Je, ungelipa bei hiyohiyo kwa sarafu unazoziona tu, kama zile usizoziona zingekuwa hazina thamani yoyote? Na kama muuzaji anaamini kwamba ndani mna mali, kwa nini hajalifungua fungu hilo yeye mwenyewe?