SOMO: Gari Kuukuu la Kikundi Linapokataa Kuwaka, Fuateni Njia ya Petroli

Shabaha ya somo: Baada ya somo hili, wanachama wataweza kutafuta shida ya petroli katika gari la zamani hatua kwa hatua, kabla ya kutoa pesa ya kikundi kununua spea.

Vitu vya kuwa navyo: chupa safi ya kioo au ya plastiki inayoonyesha ndani, kitambaa, karatasi nyeupe, daftari na kalamu, ndoo ya mchanga mkavu.

Kwa nini tujifunze jambo hili?

Vikundi vingi vya kujisaidia hapa mpakani huanza na akiba kidogo kidogo, halafu siku moja wanachama wanasema: sasa tununue gari. Sababu wanayo. Mihogo ya Teso, omena wa Port Victoria na mahindi ya Nambale havifiki soko la Busia au Malaba kwa kubebwa kichwani. Bodaboda nayo, ingawa ilizaliwa hapa hapa mpakani kwa kuvusha watu na baiskeli, haibebi magunia kumi. Pesa ya gari jipya hakuna. Basi kikundi kinanunua pikapu ya zamani, mfano Peugeot 504 iliyokaa kwa boma la mtu miaka kadhaa bila kutembea.

Gari kama hilo si takataka. Peugeot 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka wa 1968. Ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka wa 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Kwa miaka mingi iliunganishwa hapa hapa Kenya, na wazee wetu waliijua kama teksi na kama pikapu ya mizigo. Ile ya petroli yenye kabureta haina kompyuta. Karibu kila kitu kinaonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono. Ndiyo sababu hata sisi tusio mafundi tunaweza kuielewa.

Shida huja wiki ya kwanza. Gari linawaka asubuhi vizuri, linatoka Busia, halijafika hata Amukura linakohoa na kuzima. Mtu mmoja anasema ni kabureta, mwingine anasema ni pampu, wa tatu anasema ni plagi. Mweka hazina anatoa pesa mara tatu, na gari bado linazima. Na ile pesa ilikuwa ya mkopo ambao lazima ulipwe kila mwezi, gari litembee lisitembee. Tumeona vikundi vikivunjika kwa jambo kama hili. Wanachama wanaanza kushukiana, kumbe kilichokuwa kimeharibika ni mpira wa petroli tu.

Neno kubwa la somo hili

Petroli ina njia moja tu: inatoka kwa tangi, inapita kwa paipu, kwa filta, kwa pampu, kwa paipu nyingine, inafika kwa kabureta, halafu inaingia kwa injini. Ni kama mradi wetu wa maji. Mfereji wa mwisho ukikauka, hatukimbilii kununua mfereji mpya. Tunaanza kwa tangi na kufuata bomba mpaka tuone maji yanaishia wapi. Kwa gari fanyeni hivyo hivyo.

Kwanza, usalama

Mvuke wa petroli hauonekani, na unawaka kuliko petroli yenyewe. Tusisahau Julai 2021, pale Malanga katika Kaunti ya Siaya, barabara ya Kisumu kwenda Busia: lori la petroli lilianguka, watu wakaja kuchota, likalipuka, na zaidi ya watu 10 wakafa. Kwa hivyo:

(a) Fanyeni kazi nje, mbali na jiko, taa ya koroboi na sigara. Watoto wakae mbali.

(b) Msinyonye petroli kwa mdomo na mpira. Ikiingia kwa mapafu inaweza kuua. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja.

(c) Petroli ikiwaka, mwagieni mchanga. Maji huieneza.

(d) Msikubali tangi lichomelewe kienyeji kwa sababu "halina kitu". Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Hatua ya 1: Je, ni shida ya petroli kweli?

Pigeni stata mara kadhaa, halafu fungueni plagi moja muitazame. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, basi petroli inafika. Shida inaweza kuwa ni moto wa plagi, au petroli inaingia nyingi kupita kiasi. Ikiwa ni kavu kabisa, petroli haifiki. Hapo endeleeni na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Tangi na petroli yenyewe

Geji ya gari la zamani hudanganya. Hakikisheni petroli iko. Kisha mwambieni fundi atoe kidogo kutoka chini ya tangi, aweke katika ile chupa. Iacheni itulie kama nusu saa, mbali na jua. Maji yakiwemo yatakaa chini, na mtaona mstari kati ya maji na petroli. Kutu itaonekana kama unga mwekundu. Petroli iliyokaa miaka hubadilika rangi na kunuka kama rangi ya mbao. Huacha gundi inayoziba vitundu vidogo vya kabureta. Petroli ya namna hiyo haifai kuongezewa mpya juu yake. Toeni yote, tangi lishushwe na lisafishwe.

Mafuta ya taa ni jambo lingine. Hayo huchanganyika na petroli kabisa, kwa hivyo chupa haitawaonyesha. Dondosheni tone moja la petroli juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama kubwa, lakini iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Gari litakuwa gumu kuwaka asubuhi, litatoa moshi na kukosa nguvu mlimani. Mchezo huu ulienea hata serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018 ili kuuzuia. Sisi wa mpakani tunajua vile petroli huvushwa kwa jerikeni ng'ambo na ng'ambo bei zikitofautiana. Ile inayouzwa kwa chupa kando ya barabara hamjui imechanganywa na nini, wala jerikeni yake ilinyeshewa lini. Nunueni kituoni, mchukue risiti.

Hatua ya 3: Kifuniko cha tangi

Jambo hili ni dogo na halina gharama. Petroli ikitoka kwa tangi, lazima hewa iingie mahali pake. Katika magari mengi ya zamani hewa hupita kwa kitundu cha kifuniko. Kitundu kikiziba, au mtu akiweka kifuniko kisicho cha gari hilo, pampu inavuta mpaka inashindwa. Dalili yake ni hii: gari linatembea vizuri dakika kumi au ishirini, linazima, mnangoja, linawaka tena. Likizima hivyo, fungueni kifuniko polepole. Mkisikia hewa ikiingia kwa nguvu, "sssss", mmepata mwizi.

Hatua ya 4: Paipu na mipira

Mpira wa zamani hupasuka kwa ukavu. Lakini angalieni tofauti hii, kwa sababu inawachanganya wengi. Kati ya pampu na kabureta petroli inasukumwa, kwa hivyo ufa hutoa matone. Kati ya tangi na pampu petroli inavutwa, kwa hivyo ufa unaweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone moja. Hamtaona kitu chini ya gari. Pindeni mpira kwa vidole kila mahali, na mkaze kilipu zote. Mpira mpya uwe ni ule wa petroli, si wa maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni injini nzima, au moto.

Hatua ya 5: Filta

Filta ni kitu cha bei ya chini. Kwa gari lililokaa, badilisheni mara moja. Kisha mtazame tena baada ya wiki moja au mbili. Ikijaa kutu tena, shida iko kwa tangi, na kubadilisha filta kila mara ni kumaliza pesa bure.

Hatua ya 6: Pampu

Chomoeni waya wa koili kusiwe na cheche. Toeni mpira unaoingia kwa kabureta, muuelekeze ndani ya chupa, mmoja apige stata. Petroli inatakiwa itoke kwa kuruka, pigo baada ya pigo. Ikitoka kwa nguvu, pampu ni nzima, msiinunue nyingine. Ikitoka kidogo au isipotoke, na hatua za nyuma ziko sawa, pampu imechoka. Vuteni pia kijiti cha oili mnuse. Kikinuka petroli, huenda ngozi ya ndani ya pampu imepasuka na petroli inaingia kwa oili. Msiendeshe gari hilo mpaka pampu itengenezwe na oili ibadilishwe.

Hatua ya 7: Kabureta

Sasa ndipo tunafika kwa kabureta, si mwanzo. Injini ikiwa imezimwa, fundi atoe kifuniko cha filta ya hewa, asukume mkono wa akselereta. Petroli inatakiwa kuruka ndani kama mshale mwembamba. Isiporuka, au gari likinguruma vizuri kwa mwendo na kuzima likisimama, mara nyingi vitundu vimeziba. Kabureta ifunguliwe, ioshwe na vitundu vipulizwe kwa hewa. Visichokorwe na waya, kwa sababu kitundu kikipanuka gari litakunywa petroli bila kushiba.

Kanuni za pesa

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, halafu mjaribu gari. Mkibadilisha vitatu pamoja, hamtajua kipi kilikuwa kibovu. Andikeni katika daftari tarehe, dalili, kilichofanywa na gharama. Spea ya zamani irudi kwa kikundi, ionekane na wote.

Msione haya kumuuliza fundi. Fundi mzuri hakasiriki. Mweka hazina anaweza kusema hivi:

"Fundi, tunakuheshimu. Kabla hatujanunua hii pampu, hebu tuonyeshe vile petroli inatoka."

"Sawa mama, leta chupa tuangalie pamoja."

Akikataa kuonyesha, tafuteni mwingine. Mafundi wa jua kali Busia na Malaba ni wengi, na wazuri wapo.

Maswali ya kujadili

1. Gari lenu linazima baada ya dakika kumi na tano, kisha linawaka tena. Mtaanza kuangalia nini, na kwa nini?

2. Chini ya gari hakuna tone la petroli. Je, hiyo inaonyesha kwamba mipira yote ni mizima?

3. Katika kikundi chenu, nani ana ruhusa ya kukubali matengenezo? Je, iko kwa katiba yenu au ni mazoea tu?

4. Petroli ya gari lenu inanunuliwa wapi, na nani anatunza risiti?

Kazi ya wiki: Kikundi kilicho na gari kichague wanachama wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wapite hatua ya 2 mpaka ya 5 pamoja na fundi, na waandike walichokiona. Kikundi ambacho bado kinaweka akiba ya gari kiende na chupa na karatasi siku ya kulitazama gari, kabla ya kulipa hata shilingi moja.