Kabla Hujaokota, na Kabla Hujatupa



Wengi wetu tumetoka mahali ambapo kitu hakitupwi ovyo. Kakuma au Nyarugusu, kopo la mafuta ya msaada likiisha lilichotea maji. Likitoboka lilikatwa, likanyooshwa, likapigiliwa mlangoni. Leo uko Marekani. Mwisho wa mwezi, watu wanapohama, unakuta sofa, meza na vitanda vimeachwa kando ya barabara, na moyo unakwambia hii ni neema. Mara nyingi ni neema kweli. Ila vitu vya huku vina hatari zake, na hizo ndizo tunazojifunza leo.

Anza kwa kuuliza: kimetengenezwa kwa nini? Meza ya mbao, kiti cha chuma, sahani, sufuria nzima, hivyo vinaoshwa na kufutwa. Chenye sponji au kitambaa kinataka macho makali, kwa sababu ya kunguni. Kagua mishono na upande wa chini. Ukiona madoa meusi madogo kama ncha ya kalamu, au maganda membamba ya rangi ya kahawia, kiache hapohapo. Godoro la barabarani usilibebe kabisa, hata likionekana jipya. Mwaka wetu wa kwanza hapa tuliokota sofa nzuri ya kijani. Baada ya wiki mbili watoto walianza kujikuna, nasi kwa aibu tukanyamaza. Tulikosea kunyamaza. Ukiwaona kunguni, mwambie mwenye nyumba siku hiyohiyo, maana ukichelewa watahamia kwa jirani, na kuwamaliza kutakuwa kugumu zaidi. Nguo, shuka na mapazia ya mtumba yatie kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali, nusu saa, kabla hujayapanga kabatini.

Vitu vya watoto ndivyo nisivyovifanyia mzaha. Kitanda cha mtoto mchanga chenye ubavu unaoshuka na kupanda kilipigwa marufuku kuuzwa Marekani tangu Juni 2011, kwa kuwa watoto walinaswa kati ya ubavu na godoro wakakosa hewa, na wengine walikufa. Ukipewa, hata na rafiki mwema, shukuru lakini usikitumie. Kwenye vitanda vingine jaribu kopo la soda: likipita kati ya fito, nafasi ni kubwa mno. Kiti cha mtoto cha gari nacho kina tarehe ya mwisho, imeandikwa chini au nyuma yake. Kama imepita, au kama hujui kiti hicho kimewahi kuwa kwenye ajali au la, usikitumie.

Samani za kale zilizopakwa rangi kabla ya 1978 huenda zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Ikiwa rangi inabanduka, usiikwangue wala kuipiga msasa ndani ya nyumba. Iache samani hiyo.

Na ile pasi uliyoibeba kutoka nyumbani? Imetengenezwa kwa volti 220 hadi 240, na umeme wa huku ni 120. Hata ukipata plagi ya kuiunganisha, haitapata moto wa kutosha. Nunua nyingine ya mtumba kwenye duka kama Goodwill, kagua waya wake, na uulize kama unaweza kuijaribu kabla ya kulipa.

Sasa jikoni. Vituo vya kugawa chakula hutupa mikate mingi kuliko tunavyoweza kula, na yenye maneno BEST BY wengi huitupa siku hiyo ikifika. Tarehe hiyo husema ubora tu, si kwamba mkate umekuwa sumu. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga ni kitu kingine: tarehe yake ikipita, usimpe.

Mkate usiuweke kwenye friji. Utashangaa, lakini ubaridi wa friji huukausha mkate haraka kuliko ukiwa mezani. Weka kwenye friza, ukiwa umekatwa vipande, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Utoe vipande vya kutosha asubuhi tu. Ukiota ukungu, utupe wote. Najua tulizoea kukata sehemu ya kijani na kula iliyobaki, lakini ukungu huingia ndani ya mkate laini mahali jicho halioni.

Mkate uliokauka bila ukungu ni mali. Uoke kwenye oveni dakika kama 20 kwa nyuzi 300 (oveni za huku husoma Farenhaiti, hizo ni kama 150 za Selsiasi), uache upoe, kisha usage kwa chupa. Chenga hizo zikae kwenye gudulia la glasi lenye mfuniko, lile lililokuwa la jemu. Ni za katlesi. Mandazi ya juzi yakate katikati, yachovye kwenye yai lililopigwa na maziwa na iliki, yakaange kwa mafuta kidogo. Watoto wangu huyapenda kuliko mapya. Chapati za jana zikatekate, zimwagie maharage ya moto yenye mchuzi. Waliopita Uganda wataitambua mara moja: ndiyo kikomando.

Sambusa za nyama hazimo katika hesabu hii. Zikikaa mezani zaidi ya saa mbili, usiziokoe.

Zoezi la wiki hii: geuza kiti cha gari cha mtoto wako, utafute tarehe. Usipoiona au usipoielewa, kipige picha upande wa chini na uje nayo darasani.