MIGALI WETU NA NGOZI YENYE ILIKATAA KUTOKA



Wengi wenu mnamujua yule migali mwenye anakaa ndani ya bokali kubwa ku laboratwari. Ni yule buibui mkubwa wa manyoya, mwenye wenzetu walichimbua wakati wa kulima shamba la shule. Siku hizi watu wanauliza: juu ya nini amebaki na miguu saba? Wengine wanasema alipigana na mende. Hapana. Ni sisi wakapita, wenye tulikuwa na zamu ya kumutunza. Tunaandika somo hili ili mjue ukweli, na kosa lile lisirudi.

KUVUA NGOZI NI NINI?
Sisi watu, mifupa yetu iko ndani. Buibui hana mfupa. Ngozi yake ngumu ya inje njo inamusimamisha. Lakini ngozi ile haikui pamoja naye. Akitaka kukua, anapaswa kuivua yote na kutoka na mpya. Migali mtoto anavua mara nyingi kwa mwaka. Jike mkubwa anavua mara moja hivi kwa mwaka, ao anakawia zaidi.

Mbele ya kuvua anaacha kula, mara nyingine kwa majuma mengi. Rangi yake inafifia. Anatandika uzi chini kama mkeka, kisha anajilaza chali. Hapo watu wanapiga kelele: amekufa! Lakini migali mwenye amekufa, kwa kawaida tumbo linabaki chini na miguu inajikunja chini yake. Mwenye amelala chali yuko kazini. Mumuache.

ILE SIKU
Ilikuwa siku ya posho. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na kisahani chake cha maji kilikuwa kimekauka siku nyingi pasipo sisi kuangalia. Hili lilikuwa kosa la kwanza. Buibui hanyooshi miguu kwa misuli peke yake kama sisi. Ananyoosha kwa nguvu ya damu yenye inasukumwa ndani ya mguu, kama maji ndani ya mpira. Mwenye kukosa maji mwilini anakosa nguvu ya kujisukuma inje ya ngozi ya zamani.

Mpaka magaribi alikuwa ametoka, lakini miguu miwili ilibaki imefungwa. Tulimuhurumia sana. Mmoja wetu akashika ile ngozi na pinse, akavuta. Mguu ukakatika, na tone la damu, lenye rangi ya bluu kidogo, likatoka. Hili lilikuwa kosa la pili, na lilikuwa kubwa kupita la kwanza, maana buibui mwenye kupoteza damu anapoteza na nguvu ya kutembea.

Mwalimu wa bioloji alikuja mbio. Akaweka unga wa muhogo kidogo pa kidonda, damu ikasimama. Kwa ule mguu wa pili hakuvuta. Alichovya pinso ndogo ndani ya maji ya uvuguvugu, akalowesha ile ngozi tu, pasipo kufikisha maji chini ya tumbo, kwa sababu buibui anapumulia pale. Akangoja, akalowesha tena. Asubui tulikuta mguu umetoka wenyewe, umepinda kidogo, lakini ni muzima.

MAMBO YA KUSHIKA
1. Akiwa chali, usimuguse, usimugeuze, usitikise bokali. Kazi ile inaweza kuchukua saa nyingi.
2. Maji yawe ndani ya kisahani kila siku. Lowesha udongo upande moja tu, usifanye tope.
3. Usimupe chakula kwa haraka. Meno yake ya sumu yanatoka meupe na laini, yanakuwa mekundu, halafu meusi. Ngoja yawe meusi. Kwa mkubwa, hesabu majuma mawili hivi. Mende ao panzi mwenye kubaki ndani anaweza kumutafuna yeye angali laini.
4. Ondoa mawe makali, na bokali isiwekwe juu ya kabati. Akianguka, tumbo linaweza kupasuka.
5. Usimushike na mkono. Migali wengi wa Amerika wanarusha manyoya yenye kuwasha. Wa kwetu Afrika hawana manyoya yale, wanajitetea kwa kuuma, na maumivu ni makali.
6. Ngozi ya zamani usiitupe. Mwalimu aliilainisha ndani ya maji, akatuonyesha na lupu kifuko kidogo upande wa tumbo, chenye jike anachungia mbegu za dume. Njo tulijua kama migali wetu ni jike.

NENO LA MWISHO
Juma lililopita mtu alitupa mende watatu ndani ya bokali, akizani anasaidia. Tuliwatoa mbio, maana meno yake yalikuwa mekundu bado. Tunaomba sana: mwenye hana zamu asiweke kitu. Sisi pia tulizani tunasaidia, na mguu ulikatika.

Jike wa migali anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Sisi wa darasa la sita tunaondoka kiisha mitihani, yeye atabaki. Zamu tunaiacha kwa wenzetu wa darasa la tano, na karatasi ya majina imebandikwa ku mlango wa laboratwari. Wakati wa likizo, mlinzi amekubali kuangalia kisahani.

Mguu wenye ulikatika utaota tena atakapovua mara nyingine, kwanza mfupi na mwembamba. Sisi hatutauona. Ninyi mtauona, kama maji hayatakauka. Basi, mtuandikie.