Fedha za Waraibu Ziende Wapi?

Barua zinazofanana nimezijibu kwa pamoja. Zinazouliza unga ni nini nimeziacha.

Mtaa wetu umeahidiwa fedha za kusaidia waraibu. Tununue nini kwanza?

Ajirini mtu. Kijana aliyeacha unga, anayeaminika maskani, kwenye vijiwe vya waraibu, alipwe posho kila mwezi na apewe nauli ya kuwafuatilia wenzake. Kisha lipieni nauli za wagonjwa. Methadone, dawa ya kutibu uraibu wa unga, inatolewa bure tangu ilipoanza Hospitali ya Muhimbili Februari 2011, lakini wagonjwa wengi hutakiwa kufika kliniki kila siku, wanywe dozi mbele ya mhudumu. Dawa ni bure; daladala si bure. Mtu asiye na kazi ataipata wapi nauli ya kwenda na kurudi siku 30? Nimesoma maandiko ya miradi yaliyojaa fulana, mabango na semina za hotelini, nauli ya mgonjwa haimo hata shilingi. Inaniuma.

Je, serikali isilipie kwanza kuwasafisha damu vijana wetu? (Mama mmoja wa Tanga, wazee wawili wa mtaa na diwani, watatu kati yao wanamtaja mganga anayedai kusafisha kwa siku saba.)

Heroini, yaani huo unga, haikai kwenye damu ikingoja kuoshwa. Mwili wenyewe huiondoa kwa siku chache, bila mganga wala dripu. Kinachomtesa kijana wakati huo ni arosto: anatapika, anaharisha, mifupa inauma, usingizi hauji. Hupamba moto siku ya pili au ya tatu, na baada ya wiki hivi hutulia. Mganga anayepokea pesa siku ya saba analipwa kwa kazi iliyofanywa na mwili wa mwanao.

Halafu? Ubongo uliozoea unga kwa miaka haujasahau. Kijana anarudi kwenye kona ileile, kwa marafiki walewale, mikono mitupu. Na hapo ndipo kifo kilipo: wiki zile bila unga zimeushusha uwezo wa mwili wake kuuhimili. Kete alizozimudu zamani sasa zinaweza kumkata pumzi. Ndiyo maana aliyetoka jela jana, au aliyetoka kufungiwa mahali, ananitia hofu kuliko aliye maskani. Mheshimiwa diwani, kama fedha ni kidogo, zipeleke kwenye miezi inayofuata: mtu wa kumtembelea, kikao cha jioni, kazi ya mikono, safari ya kliniki. Na wewe mama, mganga huyo usimpe hata senti moja zaidi.

Nyumba moja ya upataji nafuu kwa waraibu huwafunga vijana minyororo, lakini wanatulia. Ipewe ruzuku?

Hapana. Nendeni polisi leo.

Kikundi chetu cha walioacha kinaweza kuomba asilimia 10 ya mapato ya halmashauri?

Kinaweza, kwa fungu la vijana: 4 ni za vijana, 4 za wanawake, 2 za watu wenye ulemavu. Ila huo ni mkopo, hata kama hauna riba. Ukopeni kwa ajili ya kuosha magari au kufuga kuku, msiukope kuendesha nyumba ya matibabu, maana mgonjwa hazalishi marejesho. Anzeni na vitambulisho vya kuombea mkopo. Vya wengi wenu vilipotelea maskani.

Wafadhili wakiondoka itakuwaje?

Mliona Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake. Huduma ya methadone hapa nchini ilijengwa kwa sehemu kubwa na fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na mgonjwa wa dozi ya kila siku hawezi kungoja mazungumzo ya serikali mbili. Tuna sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliyoundwa kwayo. Ninachodai ni kifungu cha bajeti cha kila halmashauri yenye maskani, kilipe posho na nauli hata mfadhili asipokuwepo.

Mwenyekiti wa mtaa anakataa walioacha unga kuingia kwenye kamati ya fedha hizi. Anasema watakula fedha.

Wekeni watia saini watatu, risiti zibandikwe ukutani ofisi ya mtaa. Kisha waingizeni. Usiku kijana akizidiwa, ni wao watakaojua amelala wapi.