Kompyuta inakwama? Soma hii kabla hujatoa hela ya prosesa

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, wengi wetu tunatumia kompyuta za mezani za mtumba, zile zilizotoka maofisini. Zinafaa sana, ila ukianza kuhariri video za bidhaa unaona zinahema. Fundi anakwambia "badilisha prosesa". Inaweza kuwa kweli, inaweza isiwe. Hela yenyewe ni ya mtaji, kwa hiyo tupime kwanza.

Mimi natumia Dell OptiPlex 7010, iliyokuja na Core i3-3220. Nitaitolea mfano, wewe linganisha na ya kwako.

1. Jua kinachokwamisha
Fanya kazi inayokuchosha, mfano kutoa video iliyokamilika. Ikiwa inaendelea, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance, angalia dakika chache.
- Disk iko 100% huku CPU imetulia: tatizo ni diski. Weka SSD, prosesa iache.
- Memory imejaa: ongeza RAM. Ukiwa na GB 4, WhatsApp ya kwenye kompyuta na kurasa kadhaa zinatosha kuijaza.
- CPU iko 100% muda wote na vingine vina nafasi: hapo ndipo prosesa inahusika.

Kwangu, baada ya SSD na RAM GB 8, mashine ilikuwa inawaka haraka tu, lakini kila nikitoa video CPU inagonga 100%. Ndipo nikaanza kutafuta prosesa.

2. Jua soketi yako
Prosesa haiingii kila mazabodi. Pakua programu ya bure ya CPU-Z, itakuonyesha jina la prosesa na soketi. OptiPlex 7010 ina soketi LGA1155, inayopokea Core za kizazi cha 2 na cha 3. Core i7-4770 ni ya LGA1150, haiingii hata ukiipata bei ya kutupa. Ingia pia tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, uone orodha ya prosesa zinazokubalika na kama unatakiwa kusasisha BIOS kwanza.

3. Soma herufi ya mwisho
Hapa ndipo watu wanapigwa. i3-3220 ina kori 2. Core i5-3470 ina kori 4, na i7-3770 ina kori 4 zinazobeba kazi 8 kwa wakati mmoja. Lakini i5-3470T, yenye T, ina kori 2 tu! Na i5-3350P haina sehemu ya picha ndani yake, kwa hiyo bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi. Angalia na wati: i3-3220 ni wati 55, i5-3470 ni wati 77. Kasha likiwa dogo sana, hakikisha linaruhusu.

Mimi nilichukua i5-3470. Ile i7 ilikuwa nzuri zaidi, ila tofauti ya bei niliona bora ikanunue mzigo.

4. Dukani
Usilipe kabla haijajaribiwa ukiona. Jina lililochongwa juu ya chuma lifanane na linaloonekana kwenye skrini. Ukikuta imeandikwa "Intel Confidential", achana nayo, hiyo ni ya majaribio ya kiwandani. Omba siku chache za kurudisha, na ziandikwe kwenye risiti.

5. Kufunga
Hifadhi kwanza kumbukumbu zako za biashara pengine. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha. Vipini laini viko kwenye mazabodi, usiviguse kabisa: vikipinda, mazabodi inaweza kufa. Pembetatu ndogo ya prosesa ikutane na alama ya soketi, iweke bila kukandamiza. Futa pesti ya zamani, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kisha kaza skrubu za kipoza joto kwa mkingamo. Kama mkono unatetemeka, mlipe fundi.

6. Ujue mwisho wake
Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha 3 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Prosesa hii haitakuvusha hapo. Kwa hiyo jumlisha: prosesa, pesti, fundi. Jumla ikikaribia pengo kati ya bei utakayouzia mashine yako na bei ya mtumba ya kizazi cha 8, usibadilishe prosesa. Uza, ongezea, nunua hiyo.

Andika hapo chini modeli ya kompyuta yako na namba ulizoziona kwenye Disk, Memory na CPU. Tutaangalia pamoja kabla hujatoa hela.