SOMO LA AFYA: Dawa za Sonona na Dawa za Kupandisha Presha



Katika sharika zetu wapo wanaotumia dawa za sonona, na baadhi yao hufanya siri wakiogopa maneno ya watu. Siri hiyo inaweza kuleta hatari siku ya upasuaji. Somo hili linaeleza kwa nini.

Miisho ya neva hutoa kemikali iitwayo noradrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu na kupandisha presha. Kazi ikiisha, neva huirudisha ndani, kama jembe linavyorudishwa ghalani. Amitriptilini, dawa ya siku nyingi ya sonona ambayo pia hutolewa kwa maumivu ya neva, hufunga mlango huo.

Matokeo ni mawili:

1. Mgonjwa akichomwa noradrenalini au adrenalini, dawa hiyo hufanya kazi kwa nguvu zaidi, na presha inaweza kupanda kupita kiasi. Adrenalini huwemo hata katika baadhi ya sindano za ganzi za kung'olea jino.

2. Efedrini hutumika presha inaposhuka baada ya ganzi ya mgongoni, kwa mfano mama anapojifungua kwa upasuaji. Kwa sehemu kubwa hupita mlango uleule ili kusukuma nje noradrenalini iliyohifadhiwa. Mlango ukifungwa, nguvu yake inaweza kupungua.

Hivyo mgonjwa yuleyule huweza kuzidiwa na dawa moja na asisaidiwe vya kutosha na nyingine. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, hugusa mlango huu kidogo tu. Mtaalamu wa usingizi akijua mapema, huchagua dawa na kipimo kinachofaa.

Tufanye nini hapa Akheri?

- Anayekwenda zahanati, kwa daktari wa meno au Hospitali ya Nkoaranga abebe pakiti za dawa zake zote na kuzionyesha bila kuulizwa.
- Anayenunua dawa ya mafua amweleze muuzaji kwanza. Baadhi zina fenilefrini, ambayo nayo hubana mishipa.
- Asiache dawa ya sonona ghafla kwa hofu. Amwone daktari.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini ni rahisi kwetu kutaja dawa ya presha kuliko dawa ya sonona?
2. Kamati itafanya nini ili mgonjwa aitaje bila aibu?