Wanyonya damu na manabii wa mwisho wa dunia

SWALI: Huku Irumu watu wanasimuliana juu ya kundi la siri la wanyonya damu linalongojea mwisho wa dunia. Je, makundi kama hayo yapo kweli? (Msomaji, Irumu, Ituri)

JIBU: Wanyonya damu hawajathibitishwa popote. Hofu yenyewe ni ya zamani: wakati wa ukoloni watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliwaogopa mumiani, na wa Katanga batumbula, waliosemekana kuwinda watu.

Makundi ya mwisho wa dunia, hayo yapo, na yameua. Huko Kanungu, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, wafuasi wa kundi lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliuza mashamba, wakakabidhi fedha, wakaishi kimya wakizungumza kwa ishara. Waliambiwa kwamba dunia ingekwisha 31 Desemba 1999. Haikwisha. Waliouza mali wakaanza kuuliza. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea, madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Mamia walikufa, watoto wakiwemo.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kenya, ilianza kufukuliwa miili ya wafuasi wa kundi jingine kama hilo, ikapita 400. Wengi walikufa njaa, wakifunga ili wakutane na Yesu.

Mhubiri akikutenga na ndugu zako, akikutaka uuze shamba au akimzuilia mtoto chakula na dawa, ondoka na watoto, kisha umjulishe chifu na polisi mara moja.